Picha Zimezimwa

Fundi wa kompyuta kuukuu ana ulimi mkali kama wembe, lakini kabla ya kugusa kibodi hujifuta vidole kwenye suruali kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Mashine ambazo watengenezaji wamezisusa, yeye huzitia kivinjari chepesi cha intaneti, kisha huzima picha zote ili kurasa zifunguke. “Picha ndizo zinazowaua wazee hawa,” huwafokea wateja. Mashine ikiganda, huizima papo hapo, maana subira hana. Juzi mama jirani alimletea yake, amfungulie ukurasa wa tanzia ya bintiye aliyefia ughaibuni. Ulifunguka upesi, maneno matupu.

“Sura yake iko wapi, fundi?”

Fundi akawasha picha bila kunung’unika. Ikashuka polepole, mstari kwa mstari: nywele, paji la uso, nyusi. Hapo mashine ikaganda. Kwa mazoea mkono wake ukaenda kwenye swichi, ukasita.

“Nywele hizo nilimsuka mimi,” mama alisema, “siku anaondoka.”

Fundi akaurudisha mkono, akaikalia mikono yake yote miwili, isije ikagusa kitu.