Fundi anayeiogopa mashine namba saba

Saa moja na robo asubuhi. Ndani ya chumba cha mashine cha hospitali, mwanamke wa miaka arobaini na saba amevaa sweta mbili juu ya gauni la kazini, maana kiyoyozi hapa kimewekwa kwa ajili ya kompyuta, si kwa ajili ya watu. Mkono wa kulia uko kwenye kibodi. Wa kushoto umeshika simu ya mezani.

"Nisomee," anasema.

Upande wa pili, muuguzi wa wodi ya watoto anamsomea kilichotokea kwenye skrini yake: hili ni jaribio, msifanye lolote.

"Uko wodi gani?"

"Jamani, si wewe ndiye uliyenipigia?"

"Niambie hata hivyo."

"Watoto! Mashine ya tatu! Na chai yangu imeshapoa!"

Anatia alama ya vema kwenye daftari, anapiga simu inayofuata. Hospitali nzima wamempachika jina la Nisomee, na wengi hawalijui jina lake jingine.

Kazi yake ni kutunza amri fupi za kompyuta zinazobeba ujumbe kutoka chumba kimoja hadi kingine. Hazina picha wala vitufe vya kubofya. Mtu wa maabara anaandika neno moja, anaandika jina la mashine, na majibu yanatokea wodini. Kwa miaka kumi na tisa kila mashine iliitwa kwa tarakimu mbili tu.

Jengo jipya lilipofunguliwa, mashine zikafika mia na kumi na nane, na namba zikaisha. Ikanunuliwa kompyuta kuu mpya, inayotaja chumba kwanza, namba baadaye: uzazi saba, mapokezi saba. Lakini amri arobaini na moja za zamani, nyingi zikiwa zimeandikwa na mafundi waliokwisha kustaafu, bado zilisoma zile tarakimu za mwisho na kutupa zilizobaki. Kwa amri hizo, uzazi saba na mapokezi saba zilikuwa mashine moja.

"Amri haijui kwamba imekosea," anasema. "Inapeleka tu, halafu inanyamaza. Hicho ndicho kinachonitisha mimi."

Ana sababu. Wiki tisa zilizopita alirekebisha amri ya kwanza, akaijaribu peke yake kwenye mashine yake mwenyewe, ikakubali. Alibadilisha sehemu inayoorodhesha mashine. Sehemu inayotuma akaisahau.

Asubuhi ile mhudumu wa mochwari aliwaandikia watu wa mapokezi: mwili uko tayari, waiteni ndugu. Ujumbe ukaibukia wodi ya uzazi, mashine ya saba, mlangoni pa chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Ndani alikuwamo kichanga mmoja tu. Nje, kwenye benchi, alikuwa amekaa bibi yake.

Muuguzi mkuu wa wodi hiyo anaikumbuka siku ile hadi leo. "Nilishapiga hatua mbili kumwendea yule bibi. Sijui nini kilinirudisha. Nikasema, ngoja nimtazame mtoto kwanza. Nikamkuta ananyonya kidole. Nikakaa chini sakafuni, mtu mzima mimi!"

Nisomee alipoambiwa, aliandika barua ya kuacha kazi siku hiyo hiyo. Bosi wake akaikunja bila kuisoma. "Ukiondoka wewe, hizi nyingine arobaini atazigusa nani?" alimuuliza. Akarudi kwenye kibodi yake.

Tangu hapo amejiwekea utaratibu wake. Akirekebisha amri moja, huituma kwenye mashine zote mia na kumi na nane, na kila chumba hukipigia simu ili mtu aliyekaa mbele ya skrini asome kwa sauti. Amepiga simu zaidi ya elfu nne na mia nane. Amepungua kilo sita. Usingizini, anasema mumewe, huwa anaomba kusomewa.

Hofu yake imefika hadi nyumbani. Mdogo wake ana mimba ya miezi minane, ya kwanza baada ya miaka kumi na moja ya kusubiri, na amejiandikisha kujifungulia hapa. Nisomee alimsihi aende hospitali nyingine.

"Dada, kwani huko kwingine mashine zinaendeshwa na malaika?" mdogo wake alimjibu. "Mimi najifungulia kwako."

Leo saa sita mchana majina ya zamani yanazimwa. Amri ya mwisho, inayotangaza kwamba damu iko tayari, ilimaliza kusomwa saa tano na nusu. Inapofika saa sita kamili anabonyeza kitufe, anashika tama. Hakuna kinachotokea. Dakika tano, kimya. Kijasho chembamba kinamtoka ndani ya sweta mbili.

Saa sita na dakika nane simu inaita. Kwa wiki tisa yeye ndiye aliyekuwa akipiga; leo anapigiwa. Anaitazama ikilia mara nne. Kisha anaiinua.

"Nisomee, nyamaza nikusomee," inasema sauti ya muuguzi mkuu wa uzazi. "Damu chupa mbili, kundi O, kitanda cha nne. Kabla hujaniuliza, niko uzazi, mashine ya saba. Kitanda cha nne kina mtu, ndiye tuliyemwombea damu, na ananitazama hapa."

"Rudia, sista."

Muuguzi anarudia. Nisomee anaweka simu, anafunika uso kwa viganja vyote viwili na kulia.

Akishatulia, anaeleza mpango wake. Mdogo wake anatarajiwa kujifungua baada ya wiki tatu, na Nisomee ameshaomba ruhusa ya kazi siku hiyo. "Nitakaa kwenye benchi lile lile alilokaa yule bibi. Nikae pale nione na mimi inavyokuwa."

Na skrini ikiwaka? anaulizwa.

Anavuta mikono ya sweta hadi vidoleni. "Sitaitazama," anasema. "Nitamwomba sista aende kumwona mtoto kwanza, halafu ndiyo anisomee."