Mshonaji Aliyebadilishiwa Anwani

Mtaani walimwita Mama Kufuli, naye hakuchukia. Alishona magauni ya harusi, na mlango wa chumba chake cha kushonea ulikuwa na makufuli mawili na komeo. Akishafunga alivuta, akapiga hatua chache, akarudi kuvuta tena. Mumewe alizoea kumtania, "Siku moja utanifungia na mimi kabatini." Naye humjibu, "Ukitulia humo, hutaibiwa."

Wateja wake wengi walimpata kupitia duka lake la mtandaoni. Humo mlikuwa na picha za magauni ya miaka yote, mitindo aliyoichora mwenyewe, na vipimo vya mabibi harusi. Neno la siri alilijua yeye na mtu mmoja tu: wifi yake, dada wa mumewe, aliyeshona naye chumba kimoja na kuwajibu wateja kila mwenzake aliposhikwa na kazi.

Asubuhi moja bibi harusi alikuwa amesimama juu ya stuli akijaribu gauni. Wifi amepiga magoti anapima pindo, pini kazibana midomoni. Simu ya Mama Kufuli ikalia. Ilikuwa barua pepe: "Anwani ya barua pepe ya akaunti yako imebadilishwa sasa hivi. Kama si wewe, bonyeza hapa."

Akaisoma hiyo anwani mpya. Ilifanana na yake kabisa, ila imeongezwa herufi moja.

Kwanza aliushuku ujumbe wenyewe. Duka lile halikuwahi kumtumia tahadhari ya namna hiyo. "Nikibonyeza tu, nimekwisha," akajisemea. Akauacha, akafungua duka kwa njia yake ya kila siku. Likamkataa. Akaandika neno la siri upya, taratibu. Likamkataa tena.

Akamgeukia wifi yake. "Wifi, umegusa kitu dukani leo?"

Wifi akazitoa pini mdomoni. "Niguse saa ngapi, na mimi niko chini ya gauni?"

"Nauliza tu."

"Hapana, huulizi tu. Hayo macho nayajua."

Mama Kufuli akatoka nje, akapiga namba ya huduma kwa wateja ya kampuni yenye mtandao huo, aliyoihifadhi tangu alipofungua duka. Dada aliyepokea akamwambia ujumbe ni wa kweli: siku hizi mtu akibadilisha anwani, taarifa inatumwa kwenye anwani ya zamani ili mwenyewe ajue. Baada ya maswali mengi ya kuhakikisha kwamba ni yeye, akaunti ikarudi.

"Aliyeingia ametumia kompyuta," dada yule akasema. "Ameweka na namba yake ya simu. Inaishia na sifuri, saba, saba, mbili."

Namba ile haikuwa ya wifi. Lakini shaka ikishamwingia mtu haikosi pa kukaa. Si juzi tu wifi alisema anatamani chumba chake mwenyewe cha kushonea? Huenda katuma mtu. Mama Kufuli akaweka neno jipya la siri na hakumwambia.

Siku zilizofuata cherehani ndizo zilizoongea. Wifi akiuliza, "Yule mteja wa gauni la mikono mirefu nimjibuje?" anaambiwa, "Nitamjibu mwenyewe."

Kisha Mama Kufuli akaenda kununua uzi. Alipopita kwenye kibanda cha fundi simu, macho yakaganda kwenye namba iliyopakwa rangi ubaoni. Iliishia na sifuri, saba, saba, mbili. Hapo ndipo alipobadilishiwa kioo cha simu, na fundi alimwomba namba ya kuifungua "ili nijaribu kama kioo kinashika." Akampa, akaiacha simu, na neno la siri la duka limehifadhiwa humo humo, akaenda sokoni.

"Fundi, hii namba ni yako?"

"Mama, mimi simu zinapita hapa nyingi."

"Sijakuuliza simu."

Fundi akainama, akaanza kukusanya bisibisi zake. Mama Kufuli hakungoja, akaenda moja kwa moja kituo cha polisi. Mbele yake alimkuta mwanamke mwingine akimlalamikia fundi huyo huyo.

Aliporudi, wifi alikuwa anatia shanga kwenye kifua cha gauni.

"Wifi, ni yule fundi simu. Mimi nilikudhania wewe."

"Najua. Siku zote hizi umenitazama kama mwizi."

"Nisamehe."

"Nimekusikia."

Alipopewa neno jipya la siri, alilikataa. "Kaa nalo. Likipotea tena, usinitafute." Mwishowe wakakubaliana awe na mlango wake mwenyewe wa kuingia dukani, yaani neno lake la siri, na kila badiliko litoe taarifa kwenye simu zote mbili.

Mara ya kwanza taarifa ilipokuja, simu zote mbili zililia pamoja. Mama Kufuli alikuwa akikata kitambaa.

"Neno la siri limebadilishwa," wifi akasoma. "Ni wewe?"

"Ni mimi, nimebadilisha kabla sijashika mkasi."

"Thibitisha."

Mama Kufuli akamtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania. Akaweka mkasi chini, akampelekea simu ajionee.