Siku Tatu za Kutandikiwa

Nimekwenda Japani mara mbili, na mara zote mbili nimelala nyumba ileile ya wageni na kuingia jumba lilelile la makumbusho. Wenzangu wa kazini hapa Mirongo, Mwanza, hawaelewi. Wanasema mtu akishapanda ndege aone vingi. Mimi niliona vichache, nikataka kuviona tena.

Kazi yangu ni kusafisha vyumba katika nyumba ya wageni. Niliianza nikiwa na miaka kumi na saba, baada ya wazazi wetu kufariki kule Nansio, kisiwani Ukerewe, mmoja mwaka mmoja baada ya mwenzake. Tulikuwa wanne na mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule kidato cha pili, nikavuka na wadogo zangu kuja Mwanza, na mashuka ya wageni ndiyo yaliyowasomesha. Wa mwisho alikuwa na kichwa kizuri kuliko sisi wote. Alipata ufadhili wa kusomea mambo ya maji safi huko Japani, akapata kazi, akabaki.

Siku moja alinipigia simu. Nilikuwa juu ya paa nikianua mashuka haraka, kwa sababu wadudu wa ziwani walikuwa wanakuja kama moshi, na wakitua kwenye shuka bichi inabidi ulifue upya.

"Dada, tiketi yako ipo. Unakuja kupumzika. Na ukirudi Mwanza, pale kazini hurudi tena. Nitakutunza mimi."

Nilimuuliza kama huko kuna baridi. Nilijua anachotaka: alikuwa amengoja miaka mingi aweze kuniambia nipumzike. Lakini nilikuwa nimeifanya kazi ile zaidi ya miaka ishirini, na sikujua ningeamka asubuhi niwe nani. Nilisafiri na swali hilo bila kulijibu.

Alinipeleka milimani, kwenye nyumba ya wageni ya kizamani ya mbao, mahali ambapo maji hutoka ardhini yakiwa moto. Viatu vinabaki mlangoni. Sakafu ya chumba ni mikeka minene iliyobana, inanukia majani makavu. Vitanda hakuna. Jioni mnapokula, mhudumu huingia, hutoa magodoro kabatini na kuyatandika chini. Asubuhi hurudi kuyakunja.

Tulianza na bafu la wanawake.

"Kitenge kiache hapa," mdogo wangu aliniambia mlangoni.

"Nikiache niingie vipi?"

"Hivyo ulivyozaliwa."

"Mbele za watu?"

"Dada, na wao wamezaliwa hivyohivyo."

Kwanza unakaa kwenye kigoda kidogo, unaoga kwa sabuni na beseni, unajisuuza. Kwenye bwawa lenyewe huingii na uchafu wako. Maji yalikuwa karibu ya kusongea ugali. Nilitaka kutoka, ila kulikuwa na bibi mmoja mwenye mvi aliyekaa humo amefumba macho, nikaona aibu, nikavumilia. Baada ya muda mgongo wangu, ambao umenisumbua miaka, ulinyamaza. Nikasema hivyo kwa sauti, na lilikuwa kosa.

"Unaona?" alisema mdogo wangu. "Huo ni mgongo wa mashuka."

Asubuhi niliamka alfajiri kama kawaida yangu. Nilikunja magodoro, nikayarudisha kabatini, nikafuta meza, nikaosha vikombe vya chai. Kwetu wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sikungoja ya tatu.

Mhudumu alikuwa mama mtu mzima, amenizidi kama miaka ishirini. Alipofungua mlango alisimama. Akainama, akasema neno polepole, kisha akaenda kabatini, akatoa shuka, akalikunjua na kulitazama pande zote mbili. Nilijua anatafuta nini. Nami hufanya vivyo hivyo. Mgeni akikuachia kitanda kimeshatandikwa, kitandue: kuna chai iliyomwagika, au tundu la sigara. Yeye hakukuta kitu, na hilo lilimtia wasiwasi zaidi. Akapiga magoti mbele ya mdogo wangu.

"Anauliza alikosea nini," mdogo wangu alitafsiri. "Anasema kama magodoro yalikuwa mabaya, aende mwenyewe akamwambie mwenye nyumba."

"Mwambie hajakosea. Mwambie shikamoo."

"Shikamoo haina Kijapani."

"Basi mwambie nimezoea."

Sijui alimwambia nini, ila yalikuwa maneno mengi, na yule mama akatulia. Alipotoka, mdogo wangu alinigeukia.

"Nilikuomba kitu kimoja tu. Ukae."

"Mikono ilikwenda yenyewe."

"Ndiyo maana nataka uache. Hata kulala mpaka saa mbili huwezi tena."

Tukaketi kula kifungua kinywa. Kulikuwa na samaki wadogo wakavu kwenye kisahani. Nikamuuliza kama hawa dagaa wamevuka na kivuko cha Ukerewe, akajitahidi asicheke, akashindwa.

Mchana tulishuka mjini kwenye jumba dogo la makumbusho. Ni la picha za zamani, zilizopigwa chapa kwenye karatasi kwa mbao zilizochongwa. Mdogo wangu alinisomea vibao viwili vitatu, kisha nikasimama mbele ya picha moja na sikuendelea. Ilionyesha nyumba ya wageni ya enzi hizo. Mgeni anakunywa chai. Nyuma yake mwanamke amebeba godoro lililokunjwa, mikono yote miwili imejaa, na amelibana kwa kidevu lisifunguke.

Hivyo ndivyo tunavyobeba blanketi zito tukiwa peke yetu. Hakuna anayekufundisha. Aliyechora alikuwa amemtazama mfanyakazi mpaka akakiona kidevu.

Mdogo wangu alizunguka vyumba vitatu akarudi. "Dada, kule kuna picha za milima."

"Milima nimeiona kwenye basi."

Asubuhi ya pili niliketi. Niliweka mikono mapajani na kumtazama yule mama akifanya kazi. Kabla ya kulikunja shuka alilinyoosha kwa mgongo wa kiganja, kuanzia miguuni. Mimi huanzia kichwani. Nikamwambia mdogo wangu amuulize ameifanya kazi hii muda gani.

"Tangu msichana, anasema."

"Muulize ataacha lini."

"Siulizi hilo, Dada."

"Uliza."

Akauliza, akitazama mkeka. Yule mama alicheka akaziba mdomo, akajibu kwa kirefu. Mdogo wangu alitafsiri akiwa bado anatazama mkeka.

"Anasema mwanawe humwambia aache kila mwaka mpya. Humjibu kwamba ataacha siku magoti yakikataa. Anasema mwanawe ni mtu mwema lakini hajui kutandika."

Mdogo wangu alikuwa amepanga twende kuona maporomoko ya maji. Nikamwomba turudi makumbusho.

"Tulikuwa pale jana!"

"Najua."

Tulikaa kwenye benchi mbele ya picha yangu. Nikamwonyesha kidevu. Akasogea karibu na kioo, akatazama, akakaa tena.

"Ulikuwa unabeba hivi," alisema. "Tukija pale baada ya shule."

"Bado nabeba hivi."

"Mimi nilikuwa nakuonea huruma."

"Mimi sikuwa najionea." Nikamwambia jibu lake ni hilo: kazi siachi mpaka nishindwe kuinama, na siku hiyo nitamwambia bila kumficha. Alilia kidogo, si sana, pale ni mahali pa watu.

"Kwa hiyo hakuna kitu ninachoweza kukupa?"

"Kipo. Nilete tena."

"Japani ni kubwa, Dada. Tutakwenda kwingine."

"Hapahapa."

Ilichukua miaka mitatu. Picha ile hatukuikuta. Mlinzi alieleza kwamba picha za karatasi hutundikwa kwa muda tu, kisha hupumzishwa gizani kwa sababu mwanga huzila. Mahali pake palikuwa na mitumbwi. Nilisikitika, nikaitazama mitumbwi, na haikuwa mibaya.

Nyumba ya wageni ilikuwa vilevile. Mwenye nyumba alitupa karatasi ya kujaza, na yule mama mhudumu, akiwa na mvi zaidi, alituletea chai. Mara ya kwanza mdogo wangu alikuwa ameijaza mwenyewe na kwenye kazi yangu akaweka kistari; nililijua hilo sasa tu, aliponiambia. Safari hii aliandika kazi yangu, akaisukuma karatasi mbele ya yule mama aisome.

Yule mama alisoma, akanitazama mikono. Kisha akaketi, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya mbele yetu, akataka kujua Mwanza tunatoaje doa la mafuta ya samaki kwenye shuka jeupe. Nikamwambia unga wa muhogo kwanza, ukauke, upanguse, ndipo sabuni. Akapinga. Nami nikapinga. Mdogo wangu alitafsiri huku na huku mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyemwomba apumzike.