Simu ya Mzee Zakaria Siku ya Nusu Fainali

Nakumbuka Jumamosi moja ya mvua, mwanangu, nilitenda jambo ambalo hata leo nikilitaja masikio yananiwaka moto. Nijibu kwa Kiingereza chako ukitaka, ila nisikilize kwa Kiswahili.

Timu yetu ya Crescent Town, mtaa tuliofikia hapa ugenini, ilikuwa imeingia kombe la mkoa miaka mitatu mfululizo, na miaka yote mitatu tukatolewa raundi ya kwanza. Mwaka wa nne, looo, tukafika nusu fainali! Mimi ndiye nahodha, kichwa kimevimba hivi. Mzee Zakaria, Mrundi aliyekuwa mwalimu kwao na huku akifanya usafi hospitalini, ndiye aliyetufulia jezi na kututunzia kadi za usajili tangu timu ianze.

Mechi ilikuwa Richmond Hill, mji wa mbali kidogo na kwetu. Tuna magari matatu, na watu hawaenei. Kumpitia mzee nyumbani kwake ilikuwa zamu yangu. Nikampa nafasi yake mshambuliaji mpya, nikajisemea, kwani mzee anacheza? Wala sikumwambia. Njiani simu ikalia, nikaona jina lake, nikaiacha ilie mpaka ikachoka.

Tulipomaliza kupasha misuli, refa akaomba kadi. Mungu wangu! Hapo ndipo nilipokumbuka ziko kwa nani. Refa akatupa nusu saa, zikikosekana, tumetolewa. Nikampigia mzee.

"Niko kwenye basi, nimekaribia," akasema, akakata.

Zikiwa zimebaki dakika chache tukamwona anakuja mbio huku anachechemea, amelowa chapachapa, mkoba wa kadi kaukumbatia ndani ya koti. Vijana wakamvamia kwa maneno.

"Mzee, unataka kutuua? Mbona umechelewa hivi?"

Akanitazama mimi. Kisha akawaambia, "Nisameheni, wanangu. Mabasi ya huku mnayajua."

Nami nikanyamaza. Mwanangu, nilinyamaza!

Tulifungwa mbili kwa moja, na timu haijafika mbali hivyo tena. Wakati wa kurudi nilimkalisha mzee kiti cha mbele. Njiani akasema, "Nilisimama mvuani nikikungoja. Ulipokosa kupokea simu nikadhani mmepata ajali, nikaanza kuwaombea. Ungeniambia gari limejaa, ningekupa kadi na kuwatakia heri. Leo nimekusitiri. Kunisafisha mimi mbele ya wenzako ni kazi yako."

Nililia huku naendesha. Kesho yake, baada ya ibada, niliwakusanya wachezaji wote nikawaeleza ukweli. Aibu niliyoipata usiulize. Nilipomaliza, mzee alinishika mkono mbele yao. Namshukuru mpaka leo, maana angeweza kuniumbua palepale uwanjani, na sijui ningebaki na timu gani au rafiki gani katika nchi hii ya ugeni.

Sasa wewe ndiye nahodha. Mtu aliyekutumikia usimpite eti kwa kuwa leo huna shida naye. Nafasi ikikosekana, mwambie mwenyewe. Simu yake ikilia, ipokee. Na ukiona mwenzako anabebeshwa kosa lako, fungua mdomo papo hapo, usingoje Jumapili kama mimi.

Mungu akukuze, mwanangu. Akulinde miguu na ulimi, na akujalie mtu wa kukukemea kwa upole, kama alivyonijalia mimi Mzee Zakaria.