Ndiyo ya Ndelwa

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko siku zote nilizovaa kaptula ya polisi, nayo si siku ya sifa. Jumapili ulipokuja na barua yako, kwamba umeteuliwa kuwa mkuu wa polisi wa mji, nyumba nzima ilipiga vigelegele. Mimi nikakaa kimya. Mama yako akaninong'oneza, "Shemeji, mbona hufurahi?" Ninafurahi sana, asinisingizie bure. Mtoto wa mdogo wangu kuongoza polisi wa mji mzima, nisifurahi nina wazimu? Ila nilikuwa na neno nililotaka kukuambia tukiwa wawili tu. Basi kaa. Hiyo simu iweke chini, itaita tena.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Mimi nilikuwa kijana wa kijiji cha Kidugala, nimetoka shule na Kiingereza changu cha kujivunia. Polisi walinichukua kwa sababu ya hicho Kiingereza tu, maana kifua, kama unavyoniona, sikujaliwa. Wakanipanga Makambako, kwenye kituo kidogo cha askari watatu kando ya barabara kuu. Wenzangu wawili walikuwa watu wazima, wamepigana vita vya Wazungu huko mbali na kurudi, lakini kuandika maelezo ya mshtakiwa kwa Kiingereza hawakuweza. Kazi hiyo ikawa yangu. Lo, kichwa kikavimba! Nikawa natembea sokoni kama vile soko ni la baba yangu.

Mkuu wetu alikaa Njombe. Alikuwa Sajini Meja Hamisi, Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa sauti ya chini. Baridi ya Njombe ilikuwa imemshinda kabisa, akavaa koti zito hata saa sita mchana, na sisi Wabena tukamcheka mgongoni. Juu yake alikuwapo mzungu wa polisi, bwana mkubwa wa wilaya, lakini aliyeuangalia mji kila siku ni yeye. Ugomvi wa sokoni, mtoto aliyepotea, mlevi wa ulanzi aliyelala katikati ya barabara, yote yalifika mezani kwake.

Sasa sikiliza. Mwalimu mmoja wa shule alikuja kituoni kwetu kulalamika kwamba baiskeli yake imeibwa mbele ya duka. Siku zile baiskeli si mchezo, mwanangu. Mwenye baiskeli alisalimiwa kwanza. Kesho yake asubuhi nikatoka kuitafuta kwenye barabara ya Njombe. Sikwenda mbali, nikamwona mtu anakuja, baiskeli ameibeba begani, gurudumu la mbele limepinda. Nikaitazama: ndiyo yenyewe. Nikamkamata palepale, wala sikumwuliza hata jina. Nilishajiona napandishwa cheo.

Mtu huyo aliitwa Ndelwa, Mkinga wa upande wa Makete. Alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, na Kiswahili alikijua cha kazini tu, cha kuitika na kupokea amri. Tukiwa njiani aliniambia kwamba ameletewa habari mama yake ni mgonjwa sana, anamtaka upesi, na kwamba anatembea kwenda kwao. Aliniambia mara mbili. Nikamwambia, "Utayasema mbele ya safari." Sijui hata nilikuwa na maana gani. Lilikuwa neno la kumnyamazisha tu.

Kituoni nikakaa, nikachovya kalamu, nikaanza kumhoji. Na hapa ndipo penyewe, kwa hiyo usisinzie.

Nikamwuliza, "Hii baiskeli hukuinunua?"

Akasema, "Ndiyo."

"Wala hukupewa na mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Na hukuiiba?"

"Ndiyo, bwana."

Wewe umezaliwa na Kiswahili mdomoni, umemwelewa. Ukimwuliza mtu wa kwetu "hujala?" akajibu "ndiyo", amekubaliana na wewe kwamba hajala. Hata bibi yako alijibu hivyo mpaka anaingia kaburini. Na mimi nilijibu hivyo nyumbani kila siku ya Mungu. Lakini shuleni nilikuwa nimefundishwa kwamba Mzungu hajibu hivyo. Mzungu akisema ndiyo, amekubali jambo limetendeka, hata ukiuliza kwa kukanusha. Na mimi nilikuwa naandika Kiingereza, si ndiyo? Nikajiona mjuzi. Nikazigeuza ndiyo za Ndelwa zote tatu kwa kanuni ya Kizungu, nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: aliinunua, alipewa, na anakiri aliiiba. Nikamchukua kidole, nikakitia wino, nikakigandamiza chini ya karatasi. Habari ya mama yake sikuiandika. Niliona haihusu kesi.

Akakaa lokapu siku nne tukisubiri lori la kumpeleka Njombe. Siku nne! Kila asubuhi alikuja kwenye nondo kuniamkia, na kila asubuhi akaniuliza, "Bwana, leo nakwenda?" Nikamjibu bado. Wenzangu walimhurumia. Mmoja aliniambia waziwazi, "Kijana, huyu hana sura ya mwizi." Nikamjibu kwamba sura haiandikwi kwenye maelezo. Nikikumbuka jibu hilo hata sasa natamani nijizabe kofi.

Siku ya tano tukafika Njombe. Ndelwa alikuwa apelekwe kwa hakimu bomani mchana uleule, na kwa karatasi ile asingekaa chini ya miezi sita gerezani. Mimi nikasimama kikakamavu mbele ya Sajini Meja, nikamkabidhi maelezo, nikingojea sifa.

Alisoma polepole. Akarudia. Akavuta koti lake, akaniuliza, "Baiskeli zilikuwa ngapi?"

"Moja, afande."

"Moja. Na huyu mtu ameinunua, akapewa, halafu akaiiba. Yote hayo kwa baiskeli moja?"

Nikasema, "Ni mwongo, afande. Anajipinga mwenyewe." Na kweli hivyo ndivyo nilivyoamini.

"Ulipomkamata, alikuwa anaelekea wapi?"

"Alikuwa anakuja Makambako, afande."

"Kituo kiko wapi?"

Mwanangu, jasho lilinitoka, na ile ilikuwa Njombe, asubuhi, ukungu umetanda. Nikajibu kwamba kituo kiko Makambako. Sajini Meja akachukua karatasi safi.

"Wewe hujaoa?"

"Ndiyo, afande."

Akaandika, huku akisoma kwa sauti: "Ameoa." Akauliza tena, "Hujawahi kulewa kazini?"

"Ndiyo, afande."

"Amelewa kazini." Akaendelea, "Na wala hujawahi kumpiga mzazi wako?"

Hapo nikaelewa. Naye akaisukuma ile karatasi mpaka kwenye ukingo wa meza. "Tia kidole," akaniambia.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga! Akaagiza Ndelwa aletwe, akamvutia kiti, akamwomba askari mmoja chai, akamwacha anywe. Kisha akamwuliza jambo moja tu, tena kwa maneno mepesi: "Ndugu yangu, baiskeli hii uliipata wapi?" Na Ndelwa, kwa Kiswahili chake kilekile cha kuungaunga, akaeleza yote. Alipita Makambako alfajiri akienda kwao. Mbele kidogo akaiona kwenye majani, imetupwa, gurudumu limepinda. Akafikiri kuna mtu anaililia. Kwa hiyo akageuka, akarudi nyuma ili aifikishe polisi, halafu aendelee na safari. Basi. Mtu ana haraka ya kumwona mama yake anayekufa, anageuka kurudisha mali ya mtu asiyemjua.

Sajini Meja akanigeukia. "Hili la mama yake alikuambia?"

"Aliniambia, afande."

"Liko ukurasa gani?"

Sajini Meja akavua kofia yake, akaiweka mezani, akakaa akiitazama kwa muda. Nilimwona anaumia, mwanangu, anaumia kama mtu aliyefiwa, na wala hakuwa ndugu yake.

Akaenda kwa yule mzungu kueleza kwamba kesi imekufa na mtu anaachiwa. Nilikuwa nimesimama nje ya mlango, nikasikia mzungu anafoka: nani mjinga aliyemfunga mtu siku nne kwa karatasi kama hii? Nikangoja nisikie jina langu. Sajini Meja akasema, "Kosa ni langu, bwana. Makambako iko chini yangu." Mwezi uliokuwa unakuja alikuwa aende likizo kwao Tabora, hajaonana na watoto wake miaka mitatu. Likizo ikafutwa palepale. Mimi nilisimama nje na Kiingereza changu chote, sikuthubutu kuingia niseme ni mimi.

Alipotoka nikamwuliza, machozi yakinilenga, "Afande, mbona hukunitaja?"

Akaniambia, "Siku ukiwa mkuu wewe, utasema nani alikosea. Utajitaja mwenyewe." Kisha akaongeza, "Sasa kachukue blanketi. Utamsindikiza huyu mtu mpaka kwao, na ukifika utawaeleza wewe, kwa mdomo wako, kwa nini amechelewa. Usimwachie aeleze yeye."

Tukatembea mimi na Ndelwa siku mbili na nusu, tukipandisha milima ya Makete. Siwezi kukuambia alinisema vibaya, maana hakunisema. Alitembea upesi sana, mimi nyuma nikihema. Jioni ya kwanza alinigawia viazi alivyochoma, vile vikubwa akanipa mimi. Nilitamani anitukane nipumue.

Tulipofika kwenye kilima cha kwao, tukaona watu wengi wamekaa nje ya nyumba, wamejifunika mashuka, hakuna anayefanya kazi. Ndelwa akasimama. Mama yake alikuwa amezikwa juzi yake.

Hesabu mwenyewe, mwanangu. Mimi nimeihesabu maisha yangu yote.

Mjomba wake, mzee mfupi mwenye fimbo, akaja akaniangalia sare yangu, akauliza, "Huyu ni nani, na wewe ulikuwa wapi?" Ndelwa akafungua mdomo. Nikamwahi. Nikasema, "Mzee wangu, mimi ndiye niliyemfunga. Hakuwa na kosa lolote. Aliniambia mama yake ni mgonjwa, na mimi sikusikiliza." Nilisema kwa Kiswahili, mtu mmoja akawa anawageuzia wengine kwa Kikinga, na kila neno langu nililisikia likizunguka kwa watu wote mara ya pili.

Dada mmoja, mdogo wake Ndelwa wa tumbo moja, akasema, bila hasira, anaeleza tu: "Mlango ukifunguliwa, mama alikuwa anauliza, 'Ni Ndelwa?' Tukimwambia hapana, anageukia ukutani."

Nililia, mwanangu. Askari wa Malkia na vifungo vyake vya kung'aa, nikalia mbele ya watu kama mtoto. Na Ndelwa, ambaye alikuwa hajakaa hata chini kuomboleza, akamwambia dada yake, "Mpe maji. Ametoka mbali."

Nimekuwa mkuu wa polisi baadaye, unajua, tena katika miji miwili. Nimeona majambazi, nimeona maandamano, nimepigiwa saluti na watu wengi ambao leo hata kunisalimia hawanisalimii. Watu walidhani kazi ni hiyo, gari na saluti. Lakini kila nilipokaa kwenye kile kiti, karatasi ikaletwa niweke sahihi, nilimwona mama mmoja anageukia ukutani. Nikaisoma upya.

Basi hili ndilo neno langu. Karatasi usiyoisoma usiisaini, hata kama umechoka, hata kama aliyeiandika ni hodari. Hasa akiwa hodari. Watu watakaoletwa mbele yako, wengi wao hawana Kiswahili cha kutosha kujitetea, na wengine wana Kiswahili lakini wameingiwa na hofu. Wape kiti, waulize "ilikuwaje", uwaache waseme mpaka mwisho. Wakikuambia mama ni mgonjwa, au mtoto ameachwa peke yake, liandike hilo, maana linahusu. Askari wako akikosea, wewe ndiye umekosea. Ukishamaliza kusema hivyo kwa wakubwa, ndipo ufunge mlango umfundishe. Na akishamuumiza mtu, mpeleke kwa huyo mtu akaseme mwenyewe. Usitume barua.

Sasa lete mikono yako hapa. Mungu wa baba zako akutangulie katika mji huo. Akupe moyo usiotosheka na jibu la haraka. Akulinde wewe, awalinde na wale watakaolala kwenye lokapu yako usiku wakisema kweli na wasieleweke, na ukiwafungulia asubuhi, wakute mama zao bado wapo. Amina. Nenda mwanangu.