Leo nimefukuzwa kwa kwaya ya vijana

Wamama wenzangu wa robine hii tunapochota maji, leo nimefukuzwa kama kuku!

Ninabandika karatasi hii hapa musome wote.

Munajua binti yangu Veronika. Tangu baba yake auawe kwa vita, miezi ine hasemi na muntu. Wakimuuliza kitu, mimi njo ninajibu.

Basi leo nikamupeleka kwa kwaya, akae na wenzake.

Kule, mugeni anasimama mbele, anataja jina lake na la baba yake.

Papa Anselme, kiongozi wao, akamuuliza: “Unaitwa nani?”

Nikasema: “Veronika.”

“Mama, nimeuliza mutoto.”

“Mutoto hasemi, Papa!”

“Atasema saa ngapi, kama weye hunyamazi?”

Mbele ya vijana! Na wakacheka.

Nikaanza kumupigia Papa Anselme makelele. Mara mukono ukanivuta kitenge.

Ni Veronika.

“Mama, enda nyumbani.”

Miezi ine ninamuomba neno moja, na neno lenyewe njo hilo!

Mungekuwa mimi, mungefanya nini?

Hasira haijaniisha. Nilitoka, lakini nilifika chini ya dirisha lao tu.

Jina lake nimelisikia. Na la baba yake pia.