Kiganja cha Kushoto

Yule binti wa meza ya vipimo, pale ukumbi wa wazee hapa mjini kwetu Daegu, ana sauti ya kubembelezea mtoto mwenye homa. Kila bibi anaambiwa: "Mama, tema mate humu kichupani tu, tutakwambia mwili wako umeumbwa kula nini." Anatabasamu, anagawa karatasi za chooni bure. Lakini kalamu anakupa kwa mkono mmoja! Kwetu kijana humpa mzee kitu kwa mikono miwili, hata kiwe kijiti cha meno. Wenzangu walidhani hana adabu. Mimi niliacha shule darasa la nne, ila macho yangu yana digrii: niliona kiganja chake cha kushoto kimefunika mistari ya mwisho ya fomu, hakibanduki. Dada yangu Okbun alikwishatia sahihi, yuko kwenye kutema, nilipokinyanyua kile kiganja. Maandishi madogo kama sisimizi: majibu ya mate yake yanaweza kuuzwa, hata kwa kampuni za bima.

"Ni mambo ya ofisi tu, babu."

"Babu yako nani, mwizi wewe? Dada, yameze hayo mate!"

"Nimeshatema! Na hayo macho yako ya digrii yalikuwa wapi?"

Binti akakipokea kichupa kwa mikono miwili, akainama mpaka paji likagusa meza.